Jinsi ya kulea vifaranga vya furu kwenye tenki la nyumbani, kuanzia mdomoni mwa mama mpaka wanajitegemea

Mwadila wadau. Nimeulizwa hili swali mara nyingi mpaka nimeona niandike lote kwa mpigo, maana ukimjibu mtu vipande vipande kwenye simu anashika la chakula anaacha la maji, afu wiki ijayo anakupigia kwamba vifaranga wote wamekufa. Mi naishi Mwanza, upande wa Nyegezi, nafuga furu, vile visamaki vidogo vya Ziwa Victoria letu, sebuleni huu mwaka wa sita, na kila nikimuona mama furu anatema watoto wake wakiwa wazima roho inaruka vilevile kama siku ya kwanza.

Hapa kwetu furu wengi wanamjua kama chambo cha sangara, au kasamaki ka watoto ka kuchoma pembeni ya ziwa. Hakuna anayemtazama mara mbili. Lakini ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu ambazo hazipatikani kokote kwingine duniani, afu sangara akapandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, ilipofika miaka ya 1980 sangara wamejaa kila mahali na mamia ya aina za furu hazionekani tena. Waliopona wengi ni hawa wa kwenye mawe, ambao wavuvi wanawaita mbipi, kwa sababu kwenye nyufa za mawe sangara mkubwa hapenyi. Watu wa Ulaya na Marekani wanawafuga majumbani kwa heshima kubwa, na sisi tunaoishi juu ya hayo mawe tunawakata vipande tunawatundika kwenye ndoano. Hiyo inaniuma, ndo maana naandika.

Jambo moja la kushika kabla ya yote: kwa furu kazi kubwa ya kulea anaifanya mama mwenyewe, maana anabeba mayai na watoto mdomoni, ya kwako ni maji na subira. Ukivuruga moja kati ya hayo mawili hakuna chakula kitakachokuokoa.

HATUA YA 1: TENKI NA MAJI, SAMAKI BADO

Unahitaji matenki mawili, la wazazi na la kulelea. La wazazi liwe na urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 40, hilo linabeba lita 160 hivi. La kulelea 60 kwa 30 kwa 30 linatosha kabisa, ni lita 54. Huna haja ya kununua ya dukani, nenda kwa fundi wa vioo na aluminiamu mpe vipimo, mwambie kubwa atumie kioo cha milimita 8 na dogo milimita 5, na silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Hili lisimamie mwenyewe, mwombe akuonyeshe kopo, sababu silikoni ya mabafuni ina dawa na samaki watakuwa wanakufa mmoja mmoja usijue wanakufa na nini. Iache ikauke siku 3 au zaidi mpaka ile harufu kama ya siki iishe kabisa, afu lijaze maji ukiwa umeliweka nje kwenye sakafu iliyonyooka uone kama linavuja. Na kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, tenki kubwa likijaa ni kilo 160 bado hujaweka kioo na mawe, kwaiyo usilipandishe kwenye kabati la tv.

Maji mi natumia ya bomba. Yanakuwa na dawa, ile klorini, na klorini inachoma mapafu ya samaki, yaani yale matamvua. Chota kwenye pipa, acha wazi siku 2, ukiweka pampu ya hewa humo inatoka mapema zaidi. Ukiinusa na bado inanukia dawa, subiri.

Kuna watu wanasema si samaki wametoka ziwani, kwa nini nisichote tu ziwani. Mi siwashauri kabisa. Maji ya pale ufukweni karibu na makazi yamebeba uchafu wa kila aina na vimelea vya samaki, na wewe mwenyewe ukiingia peku kwenye magugu kuchota unajitafutia kichocho, huo ndo ukweli wa ziwa letu. Hapohapo nimalizie la konokono na magugu: usiokote mmea wa ziwani ukaja kuutumbukiza kwenye tenki, konokono wa kichocho anakaa humohumo kwenye majani, na mikono utakayoingiza kwenye hilo tenki kila siku ni ya kwako na ya watoto wako.

Sasa tenki likishajaa maji safi bado halijawa tayari, na hapa ndo panaua samaki wengi kuliko ugonjwa wowote. Samaki anapumua na kunya kwenye maji hayohayo anayoishi, uchafu wake unatoa amonia, na amonia ni sumu. Ziwani inaliwa na bakteria. Kwenye tenki jipya hao bakteria hawapo, wanahitaji wiki 4 mpaka 6 kukaa kwenye sponji ya kuchujia maji na kwenye mawe wakazaliana wakatosha. Kwaiyo weka sponji yenye pampu ya hewa, tia chembe kidogo za chakula kila siku kama vile unalisha samaki asiyekuwepo, na subiri. Ukiwa na rafiki mwenye tenki la zamani mwombe akukamulie sponji yake ndani ya tenki lako, lile tope la kahawia linalotisha kumbe ndo dhahabu yenyewe, litakupunguzia muda mwingi. Kwa wanaopata vile vijikaratasi vya kupimia amonia, isome mpaka ifike sifuri ndo ulete samaki.

Hita huhitaji. Maji ndani ya nyumba hapa Mwanza yanacheza kati ya nyuzi 24 na 27, ndo wanayoyapenda. Usiweke tenki dirishani tu, jua la mchana likilipiga maji yanakuwa kijani na yanachemka, na kama chumba kina bati bila silingi bodi pima joto saa nane mchana kabla hujaamua kona ya kuweka.

La mwisho hapa ni umeme. Nunua pampu ndogo ya hewa ya kuchomeka kwenye pawabenki, iweke na iwe imechajiwa muda wote. Umeme ukikatika usiku na huna, chota maji ya tenki kwa kikombe umimine kutoka juu, kikombe kama 20, pumzika, rudia. Inachosha lakini inaokoa.

HATUA YA 2: MAWE

Hatuna shida ya mawe sisi. Chukua ya granaiti, haya haya yetu ya kijivu yenye chembe zinazometa, hayabadilishi maji. Yasugue kwa brashi bila sabuni, yamwagie maji ya moto, usiyachemshe kwenye sufuria maana jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka. Yapange moja kwa moja juu ya kioo cha chini, ndo umwage mchanga kuzunguka, usianze na mchanga kisha mawe juu, sababu furu wanachimba, jiwe linakosa kitako linaanguka kwenye kioo. Acha nyufa nyingi nyembamba, za kupita kidole kimoja. Vipande vya paipu na vyungu vilivyovunjika navyo vinafaa.

HATUA YA 3: KUPATA WAZAZI

Usiende tu kuvua kimyakimya. Nenda kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, waone watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi wa pale ufukweni, waeleze unataka furu wachache wazima wa kufuga, na kama kuna kibali kinachohitajika watakuelekeza kwa afisa uvuvi. Kisiwa cha Saanane usisogee, ile ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Na asije mtu na kokoro, ule wavu wa kuburuta, akakuambia nitakuvutia furu ndoo nzima, hilo ni haramu na hao samaki watakuwa wamechubuka wote.

Mimi wa kwanza nilipewa na mzee mmoja mvuvi upande wa Luchelele. Nilimsalimia, nikamwambia babu naomba furu ila wasife, akanitazama kidogo akasema, "Mwanangu, hawa tunawaua ndo tuvue, wewe unataka wazima?" Afu akacheka akanionyesha: ndoano ndogo kabisa, kile kimwiba chake kimebanwa na koleo kikalala, kipande cha mnyoo, na unatupa pembezoni mwa jiwe kwenye maji ya mita moja mbili tu. Samaki akitoka kina kirefu kwa haraka tumbo linajaa hewa anaelea kichwa chini, wengi wanakufa. Wa maji mafupi hana hilo tatizo. Kwenye ndoo weka wachache, funika, safiri asubuhi au jioni jua likiwa limepoa.

Chukua dume 1 na majike 4 au 5 wa aina moja. Dume mmoja na jike mmoja ni kumuua jike, dume atamfukuza usiku na mchana mpaka mapezi yaishe.

Na hapa kwenye "aina moja" naomba tutulie kidogo. Mfano chukua Pundamilia nyererei, samaki aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere na watafiti wa Kiholanzi mwaka 1985. Dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari meusi, kwa kweli mzuri mpaka basi, hasa wale wa kisiwa cha Makobe ambako maji ni maangavu. Ndugu yake wa karibu Pundamilia pundamilia dume ni wa kibuluu. Lakini majike wao? Wote wa rangi ya udongo na mistari iliyofifia, huwezi kuwatofautisha kwa macho ya kawaida. Jike ndo anayejua, anachagua dume kwa rangi, na ili aione rangi anahitaji mwanga. Watafiti walishalijaribu hili kwenye matenki: ukiwawekea taa ya rangi moja inayofuta tofauti ya wekundu na ubuluu, jike anazaa na dume yeyote. Na ndilo linalotokea ziwani maji yanapochafuka, ndani ya Ghuba ya Mwanza kwenye maji ya tope hizi aina zinachanganyikana. Kwaiyo weka taa nyeupe ya LED, usiweke zile taa za mapambo za buluu au pinki, na usichanganye aina mbili za jamii moja kwenye tenki moja hata kama zinapendeza. Kifaranga chotara hana aina, hata umleeje vizuri.

Wazazi wakifika waache wiki 3 hivi kabla hujawaza watoto, uangalie kama wana vidonda au wanajisugua kwenye mawe.

HATUA YA 4: KUTAGA

Hutahitaji kufanya kitu, ila ukibahatika kuwepo kaa uangalie, zima tv. Dume anakoza rangi mpaka anang'aa, anasafisha kijishimo kando ya jiwe, anamwita jike kwa kutetemeka mwili mzima mbele yake kama simu iliyo kwenye vaibresheni. Jike anaingia, wanazunguka, anadondosha yai moja mawili na anageuka papo hapo kuyaokota mdomoni. Sasa tazama pezi la chini la dume, lina vidoti vya njano au rangi ya chungwa vinafanana kabisa na mayai. Jike anavifuata akidhani kuna yai limebaki, anafungua mdomo aokote, na dume anaachia mbegu hapohapo, mayai yanarutubishwa humo humo mdomoni. Mi niliposhuhudia mara ya kwanza nilimwita mke wangu na watoto wote tukakaa chini mbele ya tenki kama nusu saa.

HATUA YA 5: MAMA KAFUMBA MDOMO

Utamjua. Koo limeshuka chini kama mtu aliyejaza maji mdomoni, anatafuna bila kula chochote, ndo anageuza mayai, na ukitupa chakula wenzake wanakimbilia yeye anabaki kwenye ufa wake. Andika tarehe kwenye kalenda ukutani siku hiyohiyo, usiseme nitakumbuka.

Mayai yanakaa mdomoni siku 18 mpaka 21 kwa joto letu, wakati mwingine yanapungua au kuzidi kidogo. Kwa siku 10 za kwanza usimguse hata kidogo. Usihamishe mawe, usibadilishe maji mengi, usigonge kioo, waambie na watoto. Akishtuka anatema au anameza mayai yote. Na jike wa mara ya kwanza anaweza kuyameza bila sababu yoyote, siku ya tatu unamuona anakula kama kawaida, koo limerudi. Usimkatie tamaa. Wangu mmoja alimeza mara 2, ya tatu akanipa watoto 14, na sasa ndo mama bora niliye naye.

Siku ya 12 hivi namhamishia tenki dogo. Nafanya usiku, taa zimezimwa saa nzima, na situmii wavu. Wavu unamtia wazimu na mayai yanamwagika. Nachukua jagi la plastiki la wazi, nalizamisha taratibu, kwa mkono mwingine namsukumia ndani akiwa kasinzia, namwinua pamoja na maji yake. Maji ya tenki dogo yawe yametoka tenki kubwa, nusu nzima au zaidi, na sponji iwe imekaa kwenye tenki kubwa wiki kadhaa ili ije na bakteria wake. Weka jiwe moja lenye pango au chungu, funika kioo upande mmoja kwa gazeti, basi.

Kuna njia ya kumkamua, yaani unamshika unamfungua mdomo vifaranga watoke mapema. Najua wafugaji wakubwa wanaifanya. Kwa anayeanza nasema hapana. Unaweza kumvunja taya, na unakosa kitu ambacho hutakiona kwa samaki wengine wengi: akishawatema wenyewe anawalinda siku kadhaa, ukisogeza uso karibu na kioo anafungua mdomo na wote wanaingia tena kwa sekunde mbili, kama vifaranga wa kuku chini ya bawa. Mwache alee.

HATUA YA 6: CHAKULA CHA VIFARANGA

Wanatoka wakiwa na kama sentimita moja, tayari samaki kamili, macho makubwa, kiini cha yai kimekwisha tumboni. Wanaweza kuwa 10, wanaweza kuwa 40, inategemea ukubwa wa mama. Faida ya furu ni kwamba hawahitaji vile vidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho ambavyo watoto wa samaki wa baharini wanahitaji, wanakula chakula cha unga tangu siku ya kwanza.

Mi chakula changu kikuu ni dagaa. Nenda Mwaloni Kirumba, uliza dagaa wa chanja, sio wale wa kuanikwa kwenye mchanga, maana mchanga unasagika humohumo. Wawe hawajatiwa chumvi. Toa vichwa, saga kwenye blenda, kisha chekecha kwa kitambaa chepesi, kile kinachopita kama poda ndo cha vifaranga, kinachobaki wape wazazi. Kausha majani ya mchicha kivulini, saga, changanya sehemu moja ya mchicha kwa tatu za dagaa. Furu wa mawe wengi ziwani wanakwangua mwani na kula vidudu, dagaa tupu kila siku inawavimbisha tumbo.

Kipimo: ncha ya kijiti cha kiberiti, mara 3 au 4 kwa siku. Sio kijiko. Dagaa ana mafuta, unga ukizidi unaelea kama ukoko juu ya maji na kesho yake maji ni maziwa. Kiishe ndani ya dakika 2, kikibaki umezidisha, kinyonye na mpira.

Ukiweza kupata mayai ya artemia, vile vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi, wanaagizwa sana Dar au Nairobi na ni ghali ila kidogo kinaenda mbali, vifaranga watakua haraka zaidi. Hapa ndo bahari inaingia kwenye nyumba ya mtu wa ziwani. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, igeuze mdomo chini ukiwa umeukaza kifuniko, weka lita moja ya maji yaliyokaa siku 2 na chumvi gramu 25, hiyo ni kama kijiko cha chakula kimoja na nusu. Chumvi iwe ya mawe isiyowekwa madini joto kama utaipata. Tia nusu kijiko cha chai cha mayai, ingiza mpira wa hewa mpaka chini uwe unachemka muda wote, weka karibu na taa. Baada ya saa 24 mpaka 36 maji yanageuka rangi ya chungwa. Zima hewa, subiri dakika 10, maganda yanapanda juu, wazima wanabaki chini, wamulike na tochi kwa chini watajikusanya. Wanyonye kwa mpira mwembamba juu ya kitambaa, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, wape vifaranga siku hiyohiyo. Maganda usiwape, yanawaziba utumbo.

Kiini cha yai la kuchemsha watu wanakisifia sana. Kinachafua maji vibaya, mi nilikiacha.

HATUA YA 7: MAJI YA VIFARANGA

Nieleze kilichonitokea mwaka wa pili. Nilikuwa na vifaranga 31, wana wiki tatu, wazuri. Jumapili moja nikaona sponji imejaa tope nikasema ngoja niwasafishie, nikaichukua nikaiminya vizuri chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe kabisa, nikairudisha. Jumatatu jioni wako juu wote wanahema, midomo imegusa uso wa maji, matamvua yamekuwa mekundu. Sikuelewa. Nikaongeza hewa, nikaweka chumvi, nikawapa chakula nikidhani wana njaa. Jumatano asubuhi walibaki 5. Klorini ya bomba ilikuwa imeua bakteria wote kwenye ile sponji, amonia ikapanda, na chakula nilichoongeza kikaipandisha zaidi. Niliwatoa mmoja mmoja kwa kijiko cha chai, walikuwa wadogo kiasi kwamba wanne wanalala kwenye kijiko kimoja.

Kwaiyo sponji ioshe kwa maji uliyoyatoa kwenye tenki hilohilo, ndani ya ndoo, iminye mara mbili tatu tu, iache na uchafu kidogo. Ukiona vifaranga wanahema juu, usitie dawa, usitie chakula. Badilisha asilimia 30 ya maji saa hiyohiyo kwa maji yaliyokaa, rudia kesho yake, acha kuwalisha siku moja.

Siku za kawaida natoa asilimia 15 hivi kila baada ya siku 2. Tumia mpira mwembamba wa hewa, mwisho wake vika kipande cha soksi ya kike na raba bendi, na maji yaingie kwenye ndoo nyeupe sio nyeusi, ili kifaranga akipita umuone. Mmulike ndoo na tochi kabla hujamwaga. Kila mara. Nimeshakuta wawili ndani ya ndoo niliyokuwa naenda kumwagilia mchicha. Maji mapya yarudishe polepole kwa mpira huohuo, yawe na joto moja na ya tenki, ingiza mkono kwenye yote mawili ulinganishe.

HATUA YA 8: MAMA AONDOKE LINI

Ukiona vifaranga wanatawanyika na mama hawakusanyi tena, kama siku 5 mpaka 7 baada ya kuwatema, muondoe. Ila usimrudishe moja kwa moja kwa dume. Kakaa wiki tatu karibu bila kula, ubavu umeingia ndani, dume atamwanza palepale. Mpe wiki moja au mbili peke yake ale ashibe mpaka tumbo linyooke.

HATUA YA 9: KUKUA NA KUGAWA

Mwezi wa pili wanakuwa kama sentimita 2 na nusu, anza kuwachambua, wakubwa wanawanyima wadogo chakula. Mwezi wa sita hivi madume wanaanza kuonyesha rangi na kugombana, hapo ndo unagundua tenki ni dogo, kwaiyo tafuta watu wa kuwapa mapema, wasimamie na waelewe suala la kutochanganya. Ziwani usiwarudishe, hata kama ndiko walikotoka wazazi. Samaki wa tenki anaweza kupeleka magonjwa, na ukimwaga wa Makobe kwenye mawe ya Nyegezi unavuruga ukoo uliokaa pale miaka mingi.

Siku ya kumpa mtu, usiwalishe tangu jana yake ili wasichafue maji njiani. Ile mifuko ya plastiki ya zamani tulishaachana nayo tangu katazo la Juni 2019, mi natumia dumu safi la lita 5 lenye mdomo mpana, maji nusu, hewa nusu, vifaranga 10 wasizidi, nalizungushia kanga lisipigwe jua. Hata kama mtu anapanda basi stendi ya Nyegezi kwenda Shinyanga wanafika salama. Akifika asiwamwage, achote maji ya tenki lake kikombe kimoja kila baada ya dakika 5 akiongeza kwenye dumu, kwa nusu saa, kisha awatoe kwa kikombe bila yale maji ya safari, azime taa, na asiwalishe mpaka kesho asubuhi.